Kadi Nilizoagiza Zichomwe

Newala, Jumatano. Ukungu umekaa mpaka saa nne asubuhi, koti sijalivua.

Leo nashukuru, na naona haya. Vyote viwili kwa mpigo.

Shajara yangu, unajua kazi niliyopewa: kupanga vyombo vya mawasiliano na kumbukumbu kwa zahanati za vijiji vya Ujamaa wilayani kwetu. Fedha haitoshi kuagiza vyote, lazima kuchagua. Mimi nilishachagua redio kol, zile za kuzungumza kituo kwa kituo. Redio kila mahali! Baiskeli mbili tu. Kadi za wagonjwa nikazifupisha: jina, umri, kijiji, basi. Watu wamehamishwa, wakimbizi wa vita vya Msumbiji wanazidi kuvuka Ruvuma, nani ana muda wa makaratasi?

Mama Agnes, karani wetu wa kumbukumbu, mwenyeji wa Chiwata, aliitazama kadi yangu. "Mwanangu, safu ya jina la pili umeipeleka wapi?"

Nikamjibu mtu ana jina moja. Kadi za zamani nikamwagiza azichome.

Ujuaji wangu huo, jamani! Nimetoka nao Singida.

Leo asubuhi hospitali ya Mtwara ikaita kwenye redio. Makohozi ya binti mmoja wa kijiji nilikojaribia redio na kadi zangu yameonyesha kifua kikuu, aanze sindano leo hii. Barua ingechukua wiki mbili. Nikatembea ofisini kifua mbele.

Nikaita zahanati ya kijijini kwao. Mhudumu, mgeni kama mimi, akasema kadi ipo, ila mtu wa jina hilo hamjui. Nikamtuma tarishi kwa baiskeli apite nyumba kwa nyumba. Saa saba akanipigia kwa redio ya zahanati: kila anayemwuliza anamkazia macho, kisha anageuka.

Hapo nikaogopa. Binti anakohoa, analala na wadogo zake, na mimi nina jina lisilo na mtu.

Nilipomweleza Mama Agnes, alishika kichwa. "Mmemwita hivyo mbele za watu? Kwa umri wake si ameshatoka unyagoni!"

Kumbe huku msichana akichezwa unyago anapewa jina jipya. La utoto haliitwi tena, ni kumtukana. Nami ndilo nililonakili kwenye kadi, na mama yake aliyepeleka makohozi hajui kusoma. Hapa siliandiki.

Mama Agnes akavuta boksi chini ya meza yake. Kadi zote za zamani zimo, na safu ya jina la pili imejazwa. Hakuchoma hata moja.

Anaitwa Somoe.

Nikarudi redioni. Tarishi akampata bondeni kwenye maji, akampakia, wakapanda mlima wakikokota baiskeli nusu ya njia. Saa kumi amechomwa sindano ya kwanza.

Mpango nimeuandika upya: redio chache, baiskeli zaidi, kadi ndefu. Kisha nikaenda mezani kwa Mama Agnes, nikamwamkia shikamoo. Tangu nihamie hapa nilikuwa namsubiri yeye anisalimu kwanza, eti mimi ndiye mkubwa wa ofisi. Akaitika marahaba, akaniuliza kama nimekula.

Sikuwa nimekula. Akanigawia muhogo wake.

Nimekuwa nikijiuliza jioni nzima: Mama Agnes angenitii, leo ningemwambia nini mama yake Somoe?