Baba, Kizito Amewasha Jetski Yake

Baba,

Kizito alirudi. Ndiyo, yule yule wa Naivasha anayekodishia watu jetski, zile pikipiki za majini, kule ziwani, aliyezunguka Eastlands yote akisema umemharibia injini. Nilitaka nipoe kwanza ndipo nikuandikie, lakini sipoi.

Hukusikia aliyoyasema kwenye ibada ya kukuaga, kabla hatujakusafirisha nyumbani kukuzika. Alishika maikrofoni mbele ya Mama na kanisa zima akasema, "Mimi nilishamsamehe mzee." Akusamehe wewe! Watu wakaitikia amina. Mama alinishika mkono kwa nguvu, maana alijua ningemrukia.

Wewe uliiunda upya injini yake ikanguruma vizuri, akaenda nayo, akairudisha imekufa. Ukaifungua mbele yake, ukamwonyesha kutu ndani, ukamwambia ameingiza maji mwenyewe. Akakana. Wateja wakamwamini yeye kwa sababu ana gari kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Wakaja mmoja mmoja kuchukua mashine zao pale kwenye kibanda chako cha ufundi, na presha yako ikawa inapanda. Mimi nasema yeye ndiye aliyekuua. Mama hapendi niseme hivyo, lakini nasema.

Basi akaniletea jetski ile ile, mafundi wengine wameshindwa nayo. Akaniambia eti nina mkono safi kuliko wako. Nikamwambia karibu.

Kazi niliifanya jinsi ulivyonifundisha, sikuchezea hata nati moja. Niliweka pistoni mpya na beringi mpya, nikaziba ufa wa chini kwa faiba, nikapiga msasa mpaka vidole vikaniuma. Kiti nilikipeleka kwa wale jamaa wa sofa hapa Jericho, wakataka kukiwekea vifungo kama cha sebuleni. Ungecheka. Unakumbuka ulivyokuwa ukigonga silinda kwa ukucha na kuniambia, "Sikiliza, Nekesa, inakuambia iko sawa"? Niligonga. Nikakaa chini nikalia, spana mkononi.

Siku ya kuichukua nilifuata desturi yako, kwamba mwenye mali aiwashe mwenyewe mara ya kwanza. Nikawaita na wale wateja wako wa zamani waje waone kazi. Walikuja. Pipa letu lilikuwa juu ya mabati, limejaa maji, na mpira wa kuyapitisha umeshuka hadi kwenye injini. Kila uliyemfundisha anajua: jetski ikiwa nchi kavu, unawasha injini kwanza ndipo unafungua maji ya kuipoza. Ukitanguliza maji injini ikiwa imelala, hayana pa kutokea, yanarudi kupitia ekzosi, bomba la moshi, na kujaza silinda. Ulikuwa ukipiga kelele hiyo mpaka mama mboga wa jirani akaikariri: "Injini kwanza! Maji baadaye!" Kizito ulimwambia mpaka ukachoka. Siku hiyo mimi sikupiga kelele. Nilisimama kando nikafunga mdomo wangu.

Alifungua maji kwanza.

Akaanza kuwapigia watu hadithi za ziwani, maji yakiingia taratibu, kisha akabonyeza stata. Ko! Ikakataa. Akabonyeza tena, ko! Mteja mmoja akamuuliza mbona ameanza na maji. Kizito akamkemea, kwa mdomo wake mwenyewe, Baba, "Wewe unanifunza nini? Si hivi ndivyo mimi hufanya siku zote!"

Watu wote wakageuka kumtazama. Hata mama mboga aliacha kukata sukuma. Nikatoa plagi, tundu la silinda likabaki wazi, nikamwambia ainame aone, nikabonyeza stata. Maji yakamrukia usoni na kwenye shati lake jeupe. "Buda, kumbe ni wewe uliyeiharibu!" mtu akapaza sauti nyuma. Sijacheka hivyo tangu tukuzike.

Aliniomba niikaushe upesi kabla kutu haijashika. Ni kazi ndogo, unajua, ni kupuliza, kutia mafuta na kuiwasha. Nikamwambia sawa, lakini kwanza apite nyumbani akamwambie Mama kwamba alikusingizia, halafu Jumapili aseme hivyo kanisani, pale pale aliposimama kukusamehe. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Akaita watu wampakilie, akaondoka nayo, maji yakiwa bado ndani.

Nasikia sasa imekwama kabisa. Iliniuma, kwa sababu zile silinda ulizichonga wewe, na huenda zilikuwa za mwisho kupita mikononi mwako. Lakini sijuti. Wateja wameanza kurudi, na wakitaja jina lako hawashushi sauti tena. Mama ananiambia nimwachie Mungu. Namwambia Mungu ana zamu yake, mimi nimetangulia tu.

Kizito hupiga simu. Sizikati. Namsikiliza anavyobembeleza mpaka amalize, halafu namrudishia sharti lile lile, naye hukata simu.

Lala sasa, Baba yangu. Nakuahidi hakuna mashine yake nitakayoigusa mpaka kanisa zima limsikie akisema ni yeye. Akishasema, nitamtengenezea, tena vizuri. Kumsamehe sikuahidi, na wewe usiniombe.

Mwanao,
Nekesa