Kengele Mbili za Prudencia

UMOJA WA WANAKAGERA WATUMIAO SIMU YA KOMPYUTA, IGOGO, MWANZA
Kikao cha dharura, Jumamosi tarehe 14 Agosti 1999, chumba cha kompyuta

Waliohudhuria: Ta Apolinary (Mwenyekiti), Bi. Paskazia (Katibu), Ma Bernadetta, Ndg. Rwehumbiza, na Ndg. Jonathan (fundi, asiye na kura).
Hakuhudhuria: Ndg. Chenge, Mweka Hazina. Alituma taarifa kwamba amekwama kivukoni Busisi. Ameonekana Igogo.

KUMB. NA. 1/99: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:40 alasiri, baada ya wajumbe kumsubiri yeye mwenyewe.

KUMB. NA. 2/99: TAFSIRI YA KANUNI YA 6
Kanuni ilisomwa: "Kwa kuwa malipo huanza simu ikipokelewa, simu iachwe ilie kisha ikatwe. Kengele moja ni ndiyo, mbili ni hapana, tatu na kuendelea ni msiba."

Ndg. Rwehumbiza alieleza kwamba alimposa Prudencia, muuguzi wa Bukoba, wakakubaliana ajibu Jumapili kwa kengele. Zililia mbili.

Fundi alieleza kwamba kengele anayoisikia mpigaji hutolewa na kompyuta ya kwao, na ya huku hulia kivyake. Prudencia angeweza kusikia moja akakata, huku zimeshalia mbili. Kanuni haisemi zihesabiwe kwa sikio la nani. Katibu alikumbusha kwamba alilisema hilo mwezi Machi, akaambiwa anachelewesha chai.

Mwenyekiti, aliyeitunga Kanuni, alisema sikio ni la mpokeaji, na hapana ni hapana. Ma Bernadetta alijibu kwamba aliyeposwa ni Prudencia, si kompyuta, akashauri apigiwe aulizwe. Mwenyekiti alisema kumuuliza tena msichana aliyekataa ni aibu kwa Kagera nzima. Kwa kumbukumbu tu, Mwenyekiti anaishi Igoma na mpwa wake wa kike ambaye hajaolewa.

Hoja ya kumpigia Prudencia ilipigiwa kura. Ndg. Rwehumbiza alizuiwa kupiga kura kwa kuwa ni mhusika. Ma Bernadetta na Katibu walisema ndiyo. Mwenyekiti alisema hapana, na akaamua kwamba hapana ya Mwenyekiti inatosha.

KUMB. NA. 3/99: MENGINEYO
Kabla ya kufunga, kompyuta ililia. Ilipofika kengele ya tatu, Mwenyekiti aliagiza wajumbe wasimame kumkumbuka marehemu, atakayetajwa baadaye. Walisimama. Kengele ziliendelea. Ndg. Rwehumbiza alivunja Kanuni, akapokea.

Sauti ya Prudencia ilisikika kwenye spika: "Shikamooni. Rwehumbiza, mimi nilishakubali tangu Jumapili. Baba anauliza, mbona hamji?"

Ma Bernadetta alipiga vigelegele. Mwenyekiti aliuliza nani atalipia.

KUMB. NA. 4/99: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 11:05 jioni. Ndg. Rwehumbiza alikuwa bado anaongea, na hakuna aliyemwambia akate.

Mwenyekiti: (amekataa kusaini mpaka sentensi ya mpwa ifutwe)
Katibu: Paskazia. Haikufutwa.