Mlingoti wa Upande wa Makaburini

Hounslow, 9 Machi 1998

Mjomba wangu Mansour,

Shikamoo. Natumai goti limekupa nafasi na kifua kimetulia katika baridi hii isiyotaka kuondoka. Mimi mzima, ila sina utulivu. Naandika kwa kuwa kwenye simu hunisikii tena, na ana kwa ana ningekosa ujasiri.

Ofisi yetu ya uhandisi imepewa kazi ya kupanua uwanja wa shabaha ulio nyuma ya makaburi alikozikwa mkeo, marehemu Bi Mwanamwema. Ni uwanja wa mtu binafsi, Bwana Sadrudin, mzaliwa wa Tanga. Tangu sheria ya Waingereza ya mwaka jana ipige marufuku bastola, wanachama wake wamehamia kwenye bunduki ndefu, nazo zinataka masafa marefu. Anataka njia za kupigia zirefushwe, tuta la udongo linalopokea risasi linyanyuliwe, na kibanda cha wapigaji kiezekwe upya. Michoro nimepewa mimi.

Ningeweza kukataa. Nimejiambia kwamba uwanja utapanuliwa, niwepo nisiwepo, na kwamba tuta refu lenye ukuta wa kumeza sauti litapunguza mshindo kuliko ilivyo sasa. Nikiwa ofisini hoja hiyo hutosha. Nikipanda treni kurudi nyumbani, naiona ni hoja ya mtu aliyekwisha kuamua.

Nilitaka uyasikie haya kwangu.

Mpwa wako,
Ghalia


Ilford, 2 Aprili 1998

Mwanangu Ghalia,

Marahaba. Goti ni lile lile. Chaman wa dukani hapa chini anasema masikio yangu yamestaafu kabla yangu. Nami humjibu yamestaafu kwa kumsikiliza yeye.

Sikukasirika. Bunduki zile sizisikii. Kila Ijumaa nakwenda kumsomea Yasini, na nikiona ndege wameruka mitini wote kwa pamoja, najua wanapiga. Lakini mkaza mjomba wako alikuwa akisikia. Unakumbuka Novemba, Waingereza wakiwasha fataki zao: alifunga mapazia, akafungulia bomba la jikoni maji yapige kelele, akakaa sakafuni na tasbihi. Miaka thelathini tangu risasi za mapinduzi kule kwetu, na bado. Siku tuliyomzika, masikio yangu yalikuwa yamebakiza kidogo. Nilisikiliza risasi badala ya kumsikiliza imamu. Hilo halijanitoka.

Sikuombi ukatae kazi. Nami nitalala pale ubavuni pake. Ninachotaka ni kimoja: watu wakizikana, bunduki zinyamaze.

Mjomba wako,
Mansour


Hounslow, 20 Juni 1998

Mjomba mpenzi,

Shikamoo, na salamu nyingi. Natumai joto hili limelifaa goti kuliko dawa za hospitali.

Nimemwona Bwana Sadrudin. Ombi lako nililieleza kwa Kiswahili, maana nilihisi kwa Kiingereza lingekuwa sharti. Akacheka kidogo. "Binti, unadhani mimi sina wafu? Baba yangu yuko Tanga, na ubavuni pake wamejenga gereji. Andika, nitatia sahihi."

Basi nimeandika. Wapigaji hupandisha bendera nyekundu wanapopiga. Ofisi ya makaburi ikiwapa taarifa siku saba kabla ya maziko, kama ilivyo desturi ya mazishi ya Waingereza, bendera itateremshwa na uwanja utakaa kimya. Ujenzi utaanza vuli.

Nadhani tumelipata ulilolitaka. Sijui kwa nini bado nahangaika.

Mpwa wako,
Ghalia


Ilford, 14 Februari 1999

Ghalia,

Salamu. Mimi mzima.

Ameir, yule jirani yangu aliyekuwa dereva wa basi, alifariki Jumatano alfajiri. Alhamisi adhuhuri tulikuwa kaburini. Uwanja wako umependeza, tuta limeanza kuota majani. Imamu alipochutama kusoma talkini, nikaona mabega ya watu yameshtuka, yote mara moja, kama ndege wale. Kisha tena. Nikajua.

Nilikwenda ofisini kwa wapigaji. Bibi Margaret, ambaye ni mpole, akaniandikia kwenye karatasi kwamba taarifa hutakiwa siku saba kabla, nasi hatukuileta.

Mwanangu, nani kati yetu aliwahi kungoja siku saba? Umekulia katika nyumba ambamo mtu hufa alfajiri na jioni watu wanarudi kunawa miguu.

Jumapili ijayo usije. Nimechoka.

Mansour


Hounslow, 3 Mei 1999

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua mbili hukuzijibu, kwa hiyo hali yako namuuliza Chaman, naye hunijibu kwa mzaha usionituliza.

Siku saba niliziandika kwa mkono wangu, na mkono haukusita. Nimejiuliza kama nilisahau tunavyozikana, au niliona haya kueleza mezani, mbele ya wenzangu, kwamba sisi hatungoji. Kila nikichagua jibu moja, la pili linaonekana kweli zaidi.

Sasa nimechora mlingoti wa pili, upande wa makaburini, karibu na lango. Wanaozika watapandisha kitambaa cheupe. Wapigaji wakikiona wataweka bunduki chini. Hapana taarifa wala ruhusa. Bwana Sadrudin hakupenda. "Binti, unampa kila mpita njia kamba ya kuniziba mdomo." Nikamjibu kwamba njia ndefu hazifunguliwi bila sahihi yangu, na sahihi sijaitia. Mkuu wangu ameniuliza kama nimekuja kazini au matangani. Huenda nikaondolewa.

Sina hakika kama huu ni msimamo, au natumia cheo kufunika kosa langu. Lakini sitii sahihi.

Mpwa wako,
Ghalia


Ilford, 21 Agosti 1999

Mwanangu Ghalia,

Salamu na dua. Kadi yako nimeipata. Kumbe mlingoti wameukubali, nawe wamekuhamishia kwenye mifereji ya maji machafu. Usihuzunike, nayo yanataka mtu mwangalifu.

Jana nimeuona mlingoti. Mola anisamehe, nimeivuta kamba, kitambaa kikapanda, ilhali hapakuwa na maiti. Nikawatazama ndege. Walikaa. Nimesimama pale mpaka mlinzi akaja kuniangalia kama ni mgonjwa.

Jumapili ijayo njoo. Chaman ameleta maembe ya Pakistani. Si kama ya kwetu, lakini ni maembe.

Mjomba wako akupendaye,
Mansour


Hounslow, 17 Januari 2000

Mjomba wangu,

Safari hii sitauliza habari za goti.

Ulituacha Ijumaa, na Jumamosi adhuhuri wakakuchukua. Wanawake wetu hawafuati jeneza, nami sikutaka kuzusha ugomvi siku yako. Niliwaacha wakisoma nyumbani kwako, nikapanda basi ulilozoea kupanda kila Ijumaa. Kaburini sikufika. Nilisimama langoni, penye mlingoti.

Ilikuwa siku ya wanachama, uwanja umejaa, bunduki hazipumziki. Nikapandisha kitambaa. Moja ikalia, ikafuata nyingine ya aliyechelewa kuona, kisha kimya. Talkini sikuisikia, nilikuwa mbali. Niliyatazama mabega ya wanaume. Hayakutikisika hata mara moja.

Walipoondoka wote nilibaki nimeishika kamba kupita kiasi kinachofaa. Nilifikiri: nisipokiteremsha kitambaa? Kisha nikakiteremsha.

Risasi ya kwanza ilipolia, mabega yangu yalishtuka. Ndipo nilipoondoka.

Mpwa wako,
Ghalia