Mwanachama Asiyeshika Jembe

Jumamosi, 11 Januari
Kuzibua mfereji tangu asubuhi. Matope mpaka magotini. Kila kaya imetoa mtu, isipokuwa mwanachama mpya wa chama chetu cha mfereji, kampuni ya maua. Mwezi uliopita iliomba kuingia "kama mwanakijiji mwingine yeyote." Tukapiga makofi, wajinga sisi. Leo mwanakijiji huyo kamleta mpiga picha. Meneja wao, Godlisten, akaazima jembe langu, akapigwa picha, akanirudishia likiwa kavu. Bado nimeudhika.

Jumatatu, 13 Januari
Kanuni ya mfereji kila mtoto anaijua: asiyechimba anarukwa zamu ya maji. Kampuni haikurukwa. Elisante, mume wangu, ndiye mwenyekiti wa mfereji. Yeye ndiye wa kufunga lango lao. Eti tusiharakishe. Huyu huyu alimnyima maji kaka yake wa damu kwa kukosa siku moja! Najua anachoogopa. Binti yetu Neema anafungasha maua kwao.

Alhamisi, 16 Januari
Jambo la kuchekesha: Godlisten nilimfundisha historia, Kidato cha Pili. Jinsi kampuni za biashara zilivyokuja kutawala nchi za watu. Kwanza zinaomba kibanda. Halafu askari wa kulinda kibanda. Halafu zinamtoza kodi yule yule aliyezipa kiwanja. Darasa zima lilikuwa linawacheka wazee wa zamani. Kumbe mmoja alikuwa anasikiliza.

Jumapili, 19 Januari
Godlisten anagombea uenyekiti wa mfereji. Katangaza baada ya ibada, kwa pilau, kofia na fulana za pinki. Diwani naye kaja, kavaa kofia yao, anacheka kabla meneja hajamaliza sentensi. Tulimchagua sisi, huyo! Watu wazima wamesukumana kwa ajili ya fulana. Jirani yangu Mama Upendo kaniletea moja: "Mwalimu, chukua tu, utadekia." Nimedekia. Imechuja rangi sakafu nzima.

Jumatano, 22 Januari
Nimegombana na Elisante. Nimemwambia asikiachie kiti. Akajibu kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza: "Mama Neema, wakimfukuza mtoto kazi, utamlisha historia?"
Nimemdharau. Nimejidharau na mimi kwa kumwelewa.

Jumamosi, 25 Januari
Kura ya mikono. Nilinyoosha wangu kwa Elisante. Mama Upendo pia, na wajane wawili wa kule juu. Basi. Elisante mwenyewe alimnyooshea Godlisten, fulana ya pinki imembana tumbo. Mwenyekiti anampigia kura anayemng'oa. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne, 28 Januari
Lango la mfereji limetiwa kufuli. Maji yaombwe ofisini kwao. Mfereji huu aliuchimba babu yake Elisante na wenzake, kwa mikono. Migomba imeanza kukunja majani. Sina hamu ya kuandika.

Ijumaa, 31 Januari
Leo zamu yetu. Tumekwenda ofisini, mimi na Elisante. Kavaa koti la kanisani. Godlisten alikuwa kwenye simu, akatuonyesha benchi. Tukakaa. Alipomaliza, Elisante akasimama, akavua kofia.
"Shikamoo, mwenyekiti."
Mzee mwenye mvi, kwa kijana niliyekuwa namsahihishia madaftari shuleni. Nilimtazama Godlisten usoni, nikingoja aone haya.
"Marahaba," akasema, akampa mlinzi ufunguo.
Maji yalikuja mchana, kidogo. Tumemwagilia migomba ya karibu na nyumba.