Herufi Zilizohama

Kariakoo, Dar es Salaam

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Sitara,

Shikamoo. Natumai presha imetulia na goti halikusumbui sana mvua hizi. Mwambie mdogo wangu Amira akusomee taratibu, asikimbize kama anavyosoma meseji za shoga zake. Huku sote wazima, ila nimegombana kazini, na sijutii.

Steshenari ya Bwana Abdulmajid ina kompyuta tatu, na kila mchapaji hukaa palipo wazi. Mimi nina flashi yangu shingoni, yenye programu ya kupanga herufi upya. Nikikaa naichomeka, na herufi zinahama: zile zinazotumika sana zinakuja upande mmoja, karibu na vidole vyangu. Kitufe kinasema hivi, kioo kinaandika vile. Nikiondoka narudisha. Juzi nikasahau. Bwana Abdulmajid akaandika neno lake la siri, likakataa, akarudia mpaka mashine ikamfungia nje. Mama, alisoma Ayatul Kursi kabla hajamwita fundi!

Alipojua ni mimi alifoka mbele ya wateja. Akasema niandike kama wenzangu, la sivyo nikatafute kazi kwingine. Nikamjibu kuwa kusahau ni kosa langu na namwomba radhi, lakini herufi zangu siziachi. Kama hazitaki, mtaa wa pili kuna kompyuta, na flashi yangu haimwombi mtu ruhusa. Wateja wangu wawili wakachukua makaratasi yao, wakasema popote nitakapokwenda wananifuata. Asubuhi nikakuta Bwana Abdulmajid amenitengea mashine ya pembeni.

Sasa mama, kaa vizuri. Sikupiga simu kwa kuwa ungelia, nami nisingemaliza. Ile bodaboda niliyokwambia ilinichubua tu, nilikudanganya. Mkono wa kulia umekufa ganzi, na daktari amesema vidole havitafanya kazi tena. Nililia mpaka nikachoka kulia. Ndipo nikajifunza herufi hizi.

Najua utataka nirudi Tanga unilishe. Sirudi. Najipikia, najifulia, na kazi ninayo. Barua hii yote nimeiandika kwa mkono wa kushoto, uleule uliokuwa ukiupiga kwa mwiko kila nilipoutumia kupokea kitu.

Nisalimie shangazi na majirani wote. Nikija Idi nitakupa mkono huohuo. Uupokee, mama.

Mwanao mtiifu, isipokuwa kwa hilo,
Shamsa