Kidole cha Njeri

Jumapili, Kitengela

Mimi Mungu aliniumba na bahati miguuni. Mwomboko, densi yetu ya Kikuyu, sikufunzwa na mtu, na mwanamke yeyote nikimshika anacheza vizuri. Nimecheza mpaka Mombasa, hoteli ya wazungu.

Leo tulikuwa Isinya kwa wakwe wa binti yetu, mazoezi ya harusi. Jumamosi mimi ndio nitafungua densi na Mama Lemayan, mama ya bwana harusi. Yeye ni Mmaasai, mwomboko hajui. Nikamwambia, "Mama, usijali. Wewe fuata tu, mwanaume ndiye dereva."

Kinanda ikaanza. Hatua mbili, kukunja goti, halafu... nikakwama. Yeye ananingoja kwa heshima. Nikamkanyaga mara tatu.

"Dereva," akaniuliza, "gari imezima?"

Walicheka mpaka kuku wakatoroka. Nilicheka pia, lakini jasho ilikuwa inatoka. Nitaaibisha mtoto wangu mbele ya wakwe.

Mke wangu Njeri alikuwa amekaa kando, goti lake halijapona tangu aanguke. Tukirudi nikamuuliza mbona leo nimeshindwa, na sisi wawili hatukosangi.

"Baba Ciku, kwani hujawahi kusikia kidole changu mgongoni? Nikifinya kulia, unaenda kulia."

Miaka ishirini na sita. Nilidhani ni mapenzi tu.

Nimemwomba amfundishe Mama Lemayan hiyo kidole kabla ya Jumamosi. Amekubali, bora niwache kuringa.

Basi, hiyo bahati ya miguu ni uongo. Mimi hufuata tu. Na Mombasa sijafika.