Namba ya Kuomba Fasi Sokoni

Beni, Mulekera, tarehe 12 mwezi wa pili 2023

Mama yangu mupendwa,

Nakusalimia sana. Mugongo inaendelea namna gani? Sisi huku tuko wazima, tunashukuru Mungu. Viazi ulituma na dereva vilifika vyote.

Mama, niko na swali. Kila siku ya Mungu, kisha misa, tunachezaka muchezo moja mu ukumbi wa parokia. Mimi naongoza hadithi, na kila mutu anachagua nani atakuwa ndani yake. Kama anataka kufanya kitu chenye hakijulikane kama kitawezekana, nataja namba, naye anatupa dé, kile kijiwe ya namba, ya sura makumi mbili. Dé ikifikia ile namba ao kuipita, amefaulu. Tulikubaliana: mapigano hapana. Vita tuko nayo ya kutosha hapa. Basi ni kuvuka mito, kuomba njia, kupatanisha batu.

Kuna Josée, muke ya askari moja wa Kasai, mbali na hapa. Alichagua kuwa mama mugeni mwenye kuomba fasi ya kuuzishia sokoni. Nikataja kumi na saba, bila kuwaza. Akatupa, ikatoka kumi na ine. Nikasema: "Bamama ba soko banakufukuza." Akaweka dé chini polepole, akachukua kitambaa chake. "Hata mu muchezo munanikataa," akasema, akaenda.

Tangu pale sijamuona. Wewe umeuzisha viazi miaka makumi tatu. Kupata fasi sokoni ni nguvu kiasi gani? Nitajie namba.

Binti yako, Sophie

Butembo, tarehe 21 mwezi wa pili 2023

Mutoto yangu,

Barua yako imefika. Mugongo inauma asubuhi tu. Baba yako anakohoa kidogo, lakini anakula muzuri, anakusalimia.

Namba siwezi kukutajia, juu haukunielezea ule mama. Alisalimia? Mu luga gani? Alileta nini? Kama ni viazi sawa na vyangu, nitakunja uso. Kama ni samaki ya ziwa, ya Kyavinyonge, nitamuita mimi mwenyewe, juu mwenye kununua samaki ananunuaka na viazi. Kuna mutu alimusindikiza? Alifika wakati tuko na banunuzi bengi, ao wakati tunapumzika? Kila kimoja kinapunguza ao kinaongeza. Wewe ulitaja namba kabla ya kumuangalia mutu.

Na tena, sokoni hatufukuzake mutu hivi hivi. Mwenye kushindwa anakaa kando ya mufereji, ku jua kali, anauzisha kidogo. Kisha siku kidogo, anasogea karibu. Mimi nilipotoka Masereka nilikaa ku mufereji miezi ine.

Enda kwa Josée, umuombe musamaha. Usitume mutu.

Mama yako, Katungu

Beni, tarehe 6 mwezi wa tatu 2023

Mama,

Natumaini wewe na Baba muko salama, na kikohozi imeisha.

Nilienda. Josée alikuwa anafua nguo. Nikamwambia nilikosea. Akanipatia kiti. Alinielezea kwamba hapa Mulekera bamama balikataa mara tatu auzishe mikate pembeni yabo, juu bwana yake ni askari.

Siku ya Mungu alirudi. Nikaanza na kumi na tano. Akasalimia na Kinande, luga ya hapa, "Wasibire," nikapunguza. Alileta mikate, na hakuna mwenye kuuzisha mikate pale, nikapunguza tena. Mathe, mwenzetu mwenye anachezaka mwenye duka mu hadithi, akamusemea. Ikabaki nane. Akatupa: sita. Alishindwa, lakini nilimuweka kando ya mufereji namna ulisema. Alicheka sana. Akasema: "Kutoka hapa nitasogea."

Na juma hii Mathe alimupeleka kwa mama yake mwenye meza ku soko ya kweli. Sasa Josée anauzisha pale. Asante, Mama. Asante sana.

Sophie wako

Beni, tarehe 14 mwezi wa tano 2023

Mama, hamujambo? Sijapata jibu. Dereva anasema alikupatia barua mu mikono. Kama nilikuumiza na neno, uniambie.

Sophie

Butembo, tarehe 25 mwezi wa sita 2023

Sophie, mutoto yangu,

Tuko wazima, usihangaike. Baba yako amepona. Haukuniumiza. Barua yako nilipata, nikashindwa kujibu.

Nilikuandikia sawa vile mimi niko mutu muzuri. Mwaka batu balikimbia vita toka upande wenu, mama moja, Adèle, alikuja ku meza yangu na kikapo ya mboga ya lengalenga. Alisalimia na Kinande. Hakuna mwenye alikuwa anauzisha lengalenga. Jirani yangu alimusemea. Vyote nilikuhesabia, alikuwa navyo. Nikamukataa, na nikamwambia hata ku mufereji asikae. Niliogopa tu, sijui nini.

Kisha kupata barua yako ya mwezi wa tatu, nilianza kumutafuta. Soko kwa soko, wiki saba. Nilimukuta upande wa barabara ya chini, na meza yake mwenyewe. Nikasimama, nikamwelezea yote. Aliniangalia sana. Akasema: "Mama, sikukumbuke. Benye balinikataa balikuwa bengi."

Yeye akasogeza kiti yake, akasema mugongo yangu inaonekana inauma, nikae. Nikakaa pale mpaka mangaribi, namusaidia kufunga mafungu ya lengalenga. Sasa kila Alhamisi naenda.

Asante juu uliniuliza. Batu bananiulizaka bei tu. Hakuna mwenye aliwahi kuniuliza kitu ni nguvu kiasi gani.

Musalimie Josée. Umwambie akipita Butembo, aulize Katungu wa viazi.

Mama yako